Aliyeshuka Usinge

Asubuhi nimeisoma damu ya mtoto wa Isevya
na damu haikuniambia kitu.
Chembe nyeupe: kawaida. Nikaandika, kawaida.
Mama yake, Nzali, akainama kwenye kidirisha cha maabara:
"Mwaka jana mafua haya haya yalimlaza siku tisa.
Safari hii siku moja na nusu, tayari anadai uji.
Nani kamkinga?"

Nikaitazama tyubu. Humo hamna jibu.
Damu ni treni, mama. Unahesabu waliomo mabehewani;
walioshuka njiani huwaoni.

Nilipolisema hilo nikamkumbuka baba.

Mihayo. Alipandia Tabora na vijana arobaini,
wote wamefunzwa nyundo, wamefunzwa spana.
Wengine walifika Kigoma, wengine Mpanda,
wakarudi, wakaenda, maisha yao yakawa safari.
Yeye akashuka Usinge
na tiketi ya kurudi akawashia kiko.
Kwota ya chumba kimoja, mlango unatazama reli.
Kilomita saba kila alfajiri,
anagonga chuma, anatega sikio.
Kinacholia vizuri anakiacha.
Kinacholia kama mtu mwenye jino bovu, anapiga goti.
Tabora hawakulijua jina lake ila siku ya mshahara,
na kuna miezi hata siku hiyo walilisahau.

Mwilini nako wapo wa namna yake.
Waliisoma sura ya adui kwenye matezi, kwapani na shingoni,
damu ikawabeba wiki ile ya homa,
vita ikaisha, wengi wakafa,
wengine wakabaki mabehewani wakizunguka,
na wachache, wachache tu,
wakateremka puani, mapafuni, kwenye ngozi ya kidole,
wakajishikiza ukutani kwa ndoano
na hawakupanda tena.
Wanatambaa kati ya seli na seli,
wanagusa, wanapita,
wanagusa.

Kirusi hakipigi hodi.
Huingia nyumba moja na kuigeuza kiwanda cha ndugu zake.
Mara ya kwanza habari ilikwenda kwa miguu:
mpaka mjumbe afike kwenye tezi,
mpaka vijana wafunzwe, waongezeke, wapande treni,
mtaa mzima umeshaungua.
Mara ya pili mlinzi yu mlangoni.
Anagusa ukuta, unalia vibaya.
Hangoji simu ya makao makuu.
Nyumba iliyotekwa anaiua pamoja na aliyemo
(ndiyo, anaiua, ulinzi nao una ukatili wake)
kisha anapiga yowe,
na majirani wote wanakomea madirisha.
Saa chache tu.
Mtoto kapiga chafya mara mbili. Anadai uji.

Sikumwambia Nzali yote.
Sikumwambia kwamba mapafu husahau upesi kuliko ngozi,
kwamba walinzi wa kifuani hupungua mwezi hadi mwezi
na sisi wenye hadubini hatujui vizuri kwa nini.
Baba naye alipungua.
Alikohoa masika mawili, nyundo ikamzidi uzito,
barua ya kustaafu ikamfikia imechelewa miezi minne,
tena kwa treni ileile aliyoilinda.
Kwota yake sasa ina popo.
Nikisafiri usiku, tukipita Usinge, siwezi kulala:
nasikiliza gurudumu likigonga kiungo baada ya kiungo,
namngojea jino bovu.

"Kuna dawa ya kununua?" aliuliza.
Hakuna.
Akacheka kwa ahueni, akambeba mwanawe mgongoni,
akakaza kanga, akaondoka kuwahi soko.

Nami daftarini, chini ya ile "kawaida",
nikaongeza kwa penseli,
pembeni, mahali mkaguzi hasomi:
walioshuka hawakuhesabiwa.